Sahani za Kota Mpya

Najilaza mkekani nikisema nafumba macho kidogo tu jua lipungue, maana alasiri filimbi ikilia wake wote wa Kota Mpya tunatakiwa ukumbini, na ukumbini leo hakufumwi sweta wala hakuokwi keki, leo anahukumiwa shoga yangu Sikudhani kwa wizi wa sahani. Wizi wa sahani, jamani, mwanamke mzazi, arobaini haijatoka, kitovu cha mtoto ndiyo kwanza kimeanguka! Ngoja nikueleze upesi kabla usingizi haujanichukua. Kota Mpya ni nyumba za watu wa reli, zimepangwa mstari kama mabehewa, kila moja na mlango wake wa kijani, bomba lake uani na nambari yake ukutani. Nambari hiyo hiyo imepakwa rangi kwenye ndoo, kwenye kiti, na mgongoni mwa kila sahani. Mwingereza aliyezijenga anataka zikaliwe na wake wa kisasa, na wa kutufanya tuwe wa kisasa ni bibi mmoja wa Kizungu ambaye jina lake halikai mdomoni, sisi tunamwita Bi Filimbi, kwa ile filimbi anayoivaa shingoni kama hirizi. Ndiye anayetufundisha kuoka keki ndani ya debe, kufuma sweta za sufu katika joto hili la kuyeyusha mshumaa, na kumpokea mume mlangoni kwa tabasamu la meno ya juu peke yake. Kanuni zake ni nyingi ila zinazouma ni mbili: watu chumbani wasizidi watano, na chakula kisitoke nyumba hii kwenda nyumba ile, kwa sababu chakula kinachotembea, anasema, kinaleta tumbo la kuhara na umbea. Umbea! Kama kwamba umbea unangoja sahani. Anayevunja kanuni anatolewa nyumba, yeye na mumewe na godoro lao.

Sasa mzazi utamwachaje na uji wa peke yake? Mume wa Sikudhani yuko safari na treni za mizigo, mama yake yuko mbali. Mimi nimepeleka mchuzi wa kuku, Bi Kalunde mkunga wetu amepeleka uji wa pilipili manga, na huyu hiki na yule kile, chini ya kanga, kupitia milango ya uani, Bi Filimbi akiwa kwenye chai yake. Na sahani ya mtu hairudishwi tupu, hilo hata mtoto anayetambaa analijua, lazima irudi na kitu juu yake, kitumbua, kipande cha muhogo, chochote. Na mzazi hapiki mpaka atoke arobaini. Basi sahani zetu zimekaa kwake, zimeoshwa zikang'aa, zimepangwa uvunguni zikingoja mwenyewe ashike mwiko. Juzi Bi Filimbi kaingia, kainama kukagua uvungu kama desturi yake, kakuta sahani za nambari za mtaa mzima. Kwao sahani ikikutwa isikozaliwa, imeibwa. Kamuuliza Sikudhani zimefikaje hapa, na Sikudhani kanyamaza, kwa sababu akisema nimeletewa anatutoa sote kwenye nyumba zetu. Kanyamaza tu, anamnyonyesha mtoto, machozi yanamdondokea mtoto kwenye kisogo. Kwa hiyo leo tutaulizwa wenye sahani, mmoja mmoja: imeibwa au umeipeleka? Tukisema sijui, kesho asubuhi Sikudhani anapandishwa treni na kichanga kifuani na jina la mwizi. Na sahani ya juu kabisa, ile ya ua jekundu, ni ya kwangu mimi. Mume wangu Mrisho, karani wa tiketi, mtu mpole hata kuku hamfukuzi kwa jiwe, kaniambia wakati wa chakula bila kuniangalia: Nyamizi, leo kuwa bubu, tafadhali. Ukisema umepeleka wewe, nyumba ndiyo basi. Na mimi nyumba hii naipenda, sitakudanganya. Mungu hajanipa mtoto, kanipa majirani, na sakafu hii pana ya saruji nimeipenda kwa sababu siku ya kwanza nilipoiona nilisema moyoni, hapa wanaenea wanawake kumi na mbili wa kusukana na bado chungu kinapita katikati.

Nafumba macho. Bomba linadondosha maji uani, ti, ti, ti, na kati ya tone na tone nasikia mlango wa nyuma unalia bawaba. Nasema ni upepo, nainuka nikaufunge, navuka kizingiti, na badala ya kujikuta uani najikuta sebuleni kwangu tena. Kochi lile lile, vitambaa vya kudarizi vile vile, mlango wa nyuma uko wazi. Haya. Nauvuka tena, niko sebuleni. Nauvuka kwa kurudi kinyumenyume nikidhani labda nitaukomoa, niko sebuleni, ila safari hii kochi limehama upande, na kanga niliyojifunga imepanda juu ya kitu kizito, nafunua, ni sahani yangu ya ua jekundu, tupu, safi, nimeikumbatia ubavuni kama mtu anayekwenda kuipeleka. Nikiisha kuiona tu mlango unachoka kunichezea na kunitema nje, barabarani. Barabara si yetu lakini ni yetu. Nyumba zimepangwa mstari, milango ya kijani, moja, nyingine, nyingine, zinakwenda mpaka macho yanakata tamaa, na upande wa pili nyumba zinazozitazama ni hizo hizo zimegeuzwa, mabomba kushoto badala ya kulia, na huko upande wa pili kuna mwanamke amebeba kitu chini ya kanga, nikienda anakwenda, nikisimama anasimama, nikimpungia mkono ananipungia kwa ule mwingine. Hakuna nambari hata moja ukutani. Hakuna sauti ya chombo. Na kinachonitisha zaidi, mwenzangu, hakuna harufu ya kitunguu kinachokaangwa, mtaa mzima, saa ya mapishi. Nasema, Nyamizi, hapa kuna msiba au kuna Bi Filimbi.

Mwanamke mmoja anatoka kwenye geti akikausha mikono kwenye aproni nyeupe. Uso hana. Si kwamba umefunikwa, hapana, hana. Mahali pa uso pamekuwa laini kama mgongo wa sahani iliyosuguliwa kwa jivu. Mimi niliyelelewa kusalimia hata mtu aliyenikosea namsalimia: Hujambo, bibi. Sauti yake inatoka huko chini kwenye mfuko wa aproni, inasema: Sijambo ya kutosha. Namuuliza: Nyumba ya Sikudhani ni ipi hapa, yule mzazi? Anajibu: Ni ile ambayo ukifika peke yako hujafika. Nasema: Bibi, nimeuliza njia, sikuja kuposa, niambie kushoto au kulia. Anasema: Nina mlango mmoja na wageni hawaishi, nina milango elfu na mgeni hakuna, mimi ni nani? Nasema: Wewe ni mtu unayenichelewesha. Anacheka, nao mfuko unatikisika, halafu ananyoosha kidole kwenye ubavu wangu: Na hiyo sahani chini ya kanga, imefikaje hapa? Sasa mtu ukikaa Kota Mpya miezi michache, ukiulizwa kitu na mwenye aproni nyeupe, mdomo unajijibia wenyewe. Nasema: Sijui. Na hapo hapo nasikia baridi katikati ya uso, napeleka mkono, pua haipo. Haiumi, haitoki damu, haipo tu, pamekuwa tambarare. Napiga ukelele: Nirudishie pua yangu! Yule mwanamke anasema kwa upole kama anayenipa pole ya kweli: Sijaichukua mimi, mama, umeitoa mwenyewe. Mimi uso wangu ulianza kwa nyusi. Twende, nitakusindikiza, mimi pia kuna mlango nilikuwa nautafuta zamani, nimesahau ni wa nani.

Basi tunakwenda, yeye hana uso, mimi sina pua, na upande wa pili wa barabara wawili wengine wanakwenda pamoja nasi. Nyumba ya kwanza dirisha liko wazi, na ndani mke wa watu amekaa mezani mbele ya keki ya debe inayoumuka. Inaumuka mfululizo, imefika usawa wa kifua chake, imemsukuma na kiti chake mpaka ukutani, na yeye ametabasamu meno ya juu. Namwambia kupitia dirishani: Mwenzangu, ikate tule, itakuua! Anajibu: Niile na nani? Nasema: Na sisi, tuko hapa, leta kisu. Anatazama kulia, anatazama kushoto, anasema: Mtakuwa wangapi? Na kabla sijajibu keki imemfika shingoni, na mkono mmoja tu unabaki nje, unapangusa makombo mezani kwa adabu. Navuta dirisha nimtoe, dirisha linageuka kioo, najiona mimi mwenyewe bila pua nikivuta. Msindikizaji wangu ananishika bega: Twende. Kila siku saa ya mume kurudi keki inanywea, anatoka, anaanza kuipigia mayai upya. Hafi. Nasema: Hafi! Na huko ndiko kuishi? Anasema: Nyumba yake imepewa nyota ya dhahabu ya usafi.

Mlangoni pa nyumba nyingine tunasimama kwa sababu msindikizaji anasema anayekaa humu anazijua njia zote. Tunaingia. Chumba kitupu, sakafu inang'aa hata naogopa kuikanyaga, na ukutani kabati la vioo, la kuwekea vikombe visivyonywewa. Ndani ya kabati, kati ya birika na bakuli, kasimama mwanamke, kibao cha Mama Bora wa Mwaka kifuani, kafunikwa kitambaa cha kudarizi kichwani, mikono kaikunja tumboni. Nasogea. Ni mimi. Yaani mimi kabisa, kovu langu la kuungua la utotoni kwenye kiwiko, gauni langu la maua ya zambarau, isipokuwa yule kanenepa kwa utulivu. Namuuliza: Wee! Unafanya nini humo? Ananijibu bila kusogeza midomo: Napendeza. Namuuliza: Unakula nini? Anasema: Ijumaa wananipangusa vumbi. Nyumba imebaki yangu, Nyamizi, hawakunitoa. Tazama saruji ilivyo pana. Naitazama. Pana kweli. Hakuna mkeka, hakuna kigoda, hakuna ganda la karanga hata moja, na katika kona naona panya mmoja kasimama kwa miguu miwili anatazama huku na huku, halafu anaondoka zake kwa njaa. Namuuliza yule wa kabatini: Na Sikudhani je? Na yeye ananiuliza mimi: Sikudhani nani? Anasema kwa sauti ile ile tamu: Hiyo sahani imefikaje hapa? Moyo wangu unataka kusema, unajua vizuri imefikaje, lakini naona vile vioo, naona ile nafasi iliyobaki wazi pembeni yake, nafasi ya mtu mmoja, na mdomo unasema: Sijui. Masikio yote mawili yananitoka kwa mpigo. Afadhali ningenyimwa chakula mwezi mzima! Mimi, Nyamizi, bila masikio! Nani ataniambia habari, na nikiambiwa zitaingilia wapi? Nasikia sasa kama mtu aliyezama, sauti zinapitia kifuani.

Nje barabara imejikunja, tunakokwenda ndiko tulikotoka, na milango yote imefunguka nusu. Katika kila mlango mwanamke wa aproni, laini, laini, laini, na mifuko yote ya aproni inauliza swali moja. Nakimbia. Msindikizaji anakimbia nami, viatu vyake vya kisigino vinagonga, anahema, anasema: Ukienda na mzigo utapita, ukienda mwepesi utakwama, mimi nilikuwa mwepesi. Namwambia: Bibi wewe, hata sasa hivi mafumbo! Anasema: Sijui kusema vingine, mama, nilivyokuwa navyo vya wazi wamenikataza. Namhurumia hapo hapo katikati ya mbio, namshika mkono, mkono wake una unga wa ngano kwenye kucha, ni mkono wa mtu aliyewahi kukanda chapati za watu wengi. Namuuliza: Wewe ulikuwa unaitwa nani? Nilikuwa na jina refu la kuitwa kwa mbali, anasema, watu walikuwa wakiliita wakiwa bado njiani wanakuja kwangu. Silikumbuki kwa sababu hawaji.

Na hapo njia inaishia kwenye mlango ambao si wa kijani. Umebanduka rangi, una alama za mikono ya watu, mikono ya mafuta, ya masizi, ya hina. Nasukuma, naingia, na kumbe huku ndiko harufu zote zilikokimbilia, lakini mimi pua sina, nazijua tu kwa jinsi macho yanavyoniwasha. Sikudhani amekaa kitandani, mtoto mapajani, na sahani zimemzunguka kutoka sakafuni mpaka kwenye bati, nguzo kwa nguzo, zote safi, hata hawezi kunyoosha mguu. Nakimbilia kumkumbatia. Anarudi nyuma, anamfunika mtoto. Wewe ni nani? anauliza. Mimi shoga yako, Nyamizi! Anasema: Nyamizi nikimwambia jambo linaingia sikioni na kutokea mdomoni, wewe masikio huna. Anasema hivyo nusu mzaha nusu kilio, ndivyo alivyo, hata uchungu ulipomshika alikuwa anamtania Bi Kalunde kwamba mikono yake ina baridi ya kumrudisha mtoto ndani. Namuuliza: Kwa nini hukusema tu kwamba umeletewa? Anatazama zile nguzo za sahani. Ningesema ya nani kwanza, nani baadaye? Kila moja nakumbuka ilikuja na nini. Hii ilikuja usiku mtoto amekataa kunyonya. Hii ilikuja na kitoweo kidogo sana, aliyeileta watoto wake walikuwa hawajala. Nitawauzaje? Nilikuwa nangoja nipone tu, nipike siku moja, nizirudishe zote zimejaa, mtaa mzima ushibe kwa siku moja. Halafu anacheka kidogo, anasema: Ningewatoa kwenye nyumba zenu kwa shibe.

Filimbi inalia. Inalia mlangoni, inalia darini, inalia ndani ya kila sahani mpaka zinatetemeka, na Bi Filimbi anaingia. Nilidhani atakuwa mkubwa kama gari la moshi. Ni mdogo. Gauni lake limepigwa pasi mpaka limekuwa karatasi, na uso, lo, hata yeye hana, filimbi imeshikiliwa na hewa mahali ambapo pangekuwa midomo. Mkononi ana sahani moja ya peke yake, nyeupe, haina ua, haina nambari, haina hata mkwaruzo wa kijiko cha mtu mwingine, na nataka kumwonea huruma, na namwonea, kidogo, halafu naona anasogea kitandani na ile huruma naiweka kando. Anamwekea Sikudhani mkono begani. Treni, filimbi inasema. Kisha ananigeukia mimi, anainyooshea kidole sahani yangu ya ua jekundu, na filimbi inauliza polepole kwa Kiswahili chake cha shule: Imeibwa, au umeipeleka? Nyuma yake mlangoni wamejaa wanawake laini, kimya, aproni kwa aproni, msindikizaji wangu mbele yao. Natafuta mdomo wangu niseme. Haupo. Umekwenda lini sijui, labda nilipokuwa nakimbia, labda tangu mchana Mrisho aliponiambia niwe bubu nami nikatikisa kichwa nikasema haya. Napapasa, pamefungana kama ngozi ya ngoma. Sikudhani ananitazama. Anainuka, anafunga kanga ya mtoto, anaanza kuinama chini ya kitanda kutafuta viatu vyake vya safari, na ili apate mikono miwili ya kufunga viatu ananipa mtoto nimshike. Ananipa mimi, mtu asiye na uso, bila kufikiri, kama alivyonipa siku zote. Mtoto mzito kuliko nilivyodhani. Ana joto la mkate. Ananitazama bila woga wowote, maana hajajua bado kwamba watu huwa na nyuso, ananyoosha kidole chake chenye ukucha mwembamba kama ganda la kitunguu, anakichomeka katikati ya ule utambarare, anakisukuma kama anayetafuta kitu alichokiacha humo, na ngozi inaachia. Nasikia hewa. Nasikia mate. Ninao ulimi.

Nimeipeleka mimi, nasema. Kwa mkono wangu, na mchuzi wa kuku, na ndimu nilikamua mwenyewe, na kesho nitapeleka tena, mzazi hali keki ya debe. Sauti yangu inatoka kubwa kuliko nilivyoikusudia, ni ile ya kuitia watu kutoka bomba la nyumba ya tatu. Filimbi inakaa kimya kama iliyomeza nzi. Halafu mlangoni, kutoka kwenye zile aproni, kuna mtu anakohoa. Na hiyo ya bluu, anasema, nimepeleka mimi, ilikuwa na maharage. Mwingine anasema: Na hiyo chini yake ni mimi, yalikuwa maboga, na yalikuwa matamu, asikudanganye mtu. Kila anayesema uso unamrudia, nyusi kwanza, kisha mashavu, kisha ile mikunjo ya kucheka, na mbele yangu msindikizaji wangu anauvuta mfuko wa aproni, anaurarua, anaifungua aproni nayo inaanguka, na chini yake anatoka Bi Kalunde, Bi Kalunde wangu, mkunga wa mtaa, na mdomo wake unatoka ukiwa tayari katikati ya maneno: na hiyo iliyopasuka ukingo ndiyo yangu, tena mwanangu usiidharau, nimeolewa nayo! Nguzo za sahani zinaanza kucheza, zinashuka moja moja, zinapita mikononi mwa watu, hakuna inayovunjika, na kelele, mama yangu wee, kelele za wanawake wote wakisema kwa pamoja na kila mmoja akisikika, masikio yananirudi kwa ajili yake tu.

Nafumbua macho. Niko mkekani kwangu. Jua limelala pale pale lilipokuwa, au limezunguka likarudi, sijui. Mrisho yuko amepiga magoti, anaviringisha godoro letu, anafunga kwa kamba. Namuuliza: Mrisho, unafanya nini? Anasema: Nafunga mapema. Bado hawajatuambia tutoke, lakini sipendi mtu anifukuze nikiwa sijafunga. Namuuliza: Na mkutano? Filimbi haijalia? Ananitazama sasa, mume wangu, mara ya kwanza leo ananitazama sawasawa. Mkutano umekwisha, mke wangu, na umeumaliza wewe. Umesimama hata yule bibi hajamaliza swali. Halafu wakasimama wote, safu nzima, hata mke wa mnyapara. Atatoa mtaa mzima? Treni ataendesha nani? Ameondoka kwenda kumwuliza mkubwa wake. Nasema: Mimi nilikuwa nimelala. Anasema: Basi umelala umesimama, tena kwa sauti. Anavuta fundo la kamba kwa meno, na pembeni ya mdomo wake naona kitu kinachofanana na kicheko. Anasema: Nilipokuoa niliambiwa, huyu ana mdomo. Nikasema, na uwepo.

Nataka kumwuliza zaidi lakini siwezi kusikilizana naye, kwa sababu nyumba imejaa. Ndiyo kwanza nawaona. Wamekaa sakafuni, kitini, juu ya godoro lililofungwa, kwenye kizingiti, wamezidi watano, wamezidi kumi na mbili, mmoja anamsuka mwenzake, wawili wanasimulia jambo moja kwa namna mbili, na katikati yao Sikudhani kalala ubavu, mtoto ananyonya, hayuko kwenye treni yoyote. Wote wana nyuso. Nawahesabia pua, macho, vidole vinavyomenya karanga. Ila bomba la uani nalisikia linadondosha maji kutoka kushoto, na mimi siku zote, kama sikosei, nimekuwa nikilisikia kulia. Au ni mimi niliyelala upande mwingine. Au kuna Nyamizi mwingine huko ng'ambo ya barabara, amekaa peke yake kwenye saruji pana, anasubiri filimbi ilie aende akaseme sijui. Nanong'ona: Bi Kalunde, niambie kweli, nimeamka au bado nimelala? Bi Kalunde amesimama juu yangu, sahani ya wali mkononi, anatafuta mahali pa kukaa na hapaoni. Mwanangu, anasema, kama umelala, lala hivyo hivyo, ila jisogeze kidogo, nami nipate pa kuweka matako.